Sanduku la Bata kwenye Mto wa Pili

Mama Leoni ameniomba niwaeleze vipimo vya sanduku. Vipimo vitangoja, wanangu. Hata seremala mlevi anaweza kupima tundu. Mimi nitaanza na woga, kwa sababu ndio uliokuwa mwenzangu wa kazi kwa miaka yote niliyozunguka na masanduku ya bata, kutoka vilima vya Nyabiondo hadi kule chini msitu wa Walikale unakoanzia, na hakuna aliyewahi kunifundisha nifanye nini nao.

Naogopa urefu. Naogopa nyoka. Naogopa pikipiki inayozimwa ghafla katikati ya kilima, maana huku kwetu pikipiki haizimwi kilimani bila sababu. Mke wangu husema mimi huikimbia mvua kabla mawingu hayajakusanyika, na hasemi uongo. Kwa hiyo mkinisikia nikitoa ushauri, jueni unatoka kwa mtu ambaye siku zote alitamani kubaki nyumbani akila maharagwe yake.

Kazi yangu ya mshahara haikuwa bata. Nilikuwa fundi wa mbao kwenye kiwanda kidogo cha jibini, fromaji kama tunavyosema, juu ya vilima vya Masisi. Jibini changa hukaa juu ya mbao kwa majuma mengi na kugeuzwa kila siku. Ubao wenye ufa hata mdogo hunywa maji ya maziwa, ukaoza, na jibini inaoza nao. Aliyenifundisha ni mzee wetu wa kiwanda, Papa Melkiori. Hakupima kwa macho. Alifumba macho, akapitisha mgongo wa mkono wake juu ya ubao mzima, polepole, na kama unywele mmoja wa mkono ulikwama mahali, alinirudishia.

"Gervais, hii mbao iko na meno. Piga rabo tena."

"Papa, nimepiga mara tatu."

"Basi piga ya ine. Fromaji haiulizake umepiga ngapi."

Nilipiga randa, hiyo aliyoiita rabo, namna hiyo miaka zaidi ya ishirini. Ilifika mahali hata kigoda cha jikoni kwangu kilikuwa laini hivi kwamba wageni waliteleza. Nasema haya ili mwelewe baadaye ujinga wangu ulitoka wapi, kwa maana haukutoka kwenye uvivu. Ulitoka kwenye kazi nzuri.

Nilipoacha kazi kiwandani, Mama Leoni alikuja kwangu. Nyinyi mnamjua akiwa kiongozi wa kundi letu la kujitolea. Wakati ule alikuwa mwalimu mstaafu tu, anayependa ndege kuliko inavyofaa kwa mtu mzima. Aliniambia habari za bata wa msituni, yule wa rangi ya kahawia iliyoiva, kichwa cheusi na doa jeupe kwenye paji. Huyu haishi ziwani pamoja na wenzake. Anakaa kwenye vijito vyenye kivuli, na hutaga ndani ya matundu ya miti mikubwa ya zamani.

"Papa Gervais, miti ya matundu inaisha. Bale bata batazalia wapi?"

"Bazalie chini, sawa kuku."

"Habazaliake chini. Banatafutaka tundu mu muti."

"Sasa Mama, mimi njo muti?"

"Hapana. We njo ulikula miti."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mbao zote nilizopiga randa maisha yangu zilitoka wapi? Nikamwambia alete vipimo.

Miaka ya kwanza tulikosea kila kitu. Tulifunga sanduku kwa waya kuzunguka shina, mti ukanenepa, waya ukaukata. Siku hizi tunatumia skrubu mbili ndefu, na kila mwaka tunazilegeza kidogo. Hatukutoboa matundu ya maji chini, mvua ikaingia na mayai yakaelea. Tuliweka kijiti cha kutua mbele ya tundu kwa sababu kilipendeza, na wa kwanza kukitumia alikuwa tai mdogo. Masanduku mawili yalikaliwa na nyuki. Siku moja nilisimama juu ya njia ya siafu nikimweleza Mama Leoni mambo ya bawaba, na nilipogundua nilikuwa nimeshachelewa. Nilivua suruali mbele ya mwalimu wa watu. Aligeuza uso akaendelea kuniuliza juu ya bawaba, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Halafu kulikuwa na watu. Msifikiri mtu akiona sanduku jipya limefungwa juu ya mti katika nchi hii atasema, ah, nyumba ya bata. Wengine walisema tumeficha madini. Wengine walisema ni dawa. Mama mmoja muuza mihogo alikataa kupita chini yake, akazunguka shamba zima na mzigo mgongoni. Tangu hapo tukafanya desturi: kabla ya kupandisha sanduku tunaliweka chini njiani, mlango wa pembeni wazi, na kila anayepita aingize kichwa atazame. Msiiache desturi hiyo. Sanduku ambalo watu hawajalitazama ndani lina hatari zaidi ya lile lenye nyoka.

Mpandaji wetu alikuwa Faustin, mrina asali kutoka upande wa Walikale, mtu mfupi mwenye miguu iliyopinda vizuri kwa kazi yake. Alipanda kwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe uliozunguka shina na kiuno chake. Mimi nilibaki chini nikishika kamba, na nawaambieni nilishika kwa moyo wote, maana muda wote nilipoishika hakuna aliyeniambia nipande.

Faustin ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Kabla ya kupanda weka sikio kwenye shina, gonga mti kwa ngumi mara moja, ungoje. Nyuki watanguruma. Bata anayeatamia atatoa sauti ya pumzi, *hhhss*, kama mtu anayemkaripia mtoto kanisani. "Ukisikia kitu, panda," alisema. "Ukikosa kusikia kitu, ogopa. Nyoka haijibuke." Na mkono hauingii kwanza. Kinaingia kioo cha pikipiki kilichofungwa kwenye fimbo, halafu macho, halafu mkono. Mtu aliyebadilisha utaratibu huo nilimwona kwa macho yangu akirudi kijijini amebebwa, na sitaki kumsimulia zaidi.

Basi nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka wa tatu bata waliyakubali masanduku yetu. Mawili kwa mpigo: moja kwenye kijito tulichokiita Mto wa Kwanza, moja kwenye Mto wa Pili, mbele zaidi, mahali njia ya pikipiki inapokufa. Faustin aliona jike wa Mto wa Kwanza akianza kuatamia, na wiki moja baadaye yule wa Mto wa Pili. Tulifurahi kijinga. Mama Leoni alituletea maziwa ya mgando.

Mnajua vifaranga wa bata huyu wanavyotoka. Mama hawabebi. Siku moja baada ya kuanguliwa yeye hushuka majini na kuwaita, nao hupanda ukuta wa ndani kwa kucha zao mpaka kwenye tundu, kisha hujirusha. Ndani ya mti uliooza kuna mikwaruzo na mashimo, wanapanda tu.

Faustin alipofungua sanduku la Mto wa Kwanza alichungulia mara moja tu. Alifungua skrubu zake, akalishusha kwa kamba, akaliweka mbele ya miguu yangu. Vifaranga sita walikuwa chini kwenye pembe ya mbele, wamelundikana chini ya tundu, wamekauka. Faustin alipitisha kidole kwenye ukuta wa ndani, juu kwenda chini.

"Papa, ulipiga rabo mpaka ndani?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

Mkono wa Papa Melkiori ulikuwa bado unapita juu ya kila ubao wangu. Nilipiga randa kuta zile mara nne, nje na ndani, nikazisugua. Mama yao aliwaita kutoka majini, pengine siku nzima, nao walipanda na kuteleza, kupanda na kuteleza. Kwenye mbao hakukuwa hata na alama ya ukucha. Nilikaa kwenye majani nikashikwa na baridi mchana kweupe, kwa sababu sanduku la Mto wa Pili nilikuwa nimelitengeneza siku ileile, kwa randa ileile, na lilikuwa limebakiza siku chache.

Usiku huo Faustin alipatwa na malaria. Asubuhi hakuweza kuinua kichwa. Nilingoja siku moja. Nikangoja ya pili. Hakuna mwingine aliyekuwa na mkanda wala aliyejua mti, na sitawadanganya, nilitafuta mwingine kwa bidii sana. Siku ya tatu nilichukua kipande cha ubao chembamba, sikukipiga randa, nikakikata kwa msumeno mistari ya kukingama, mmoja chini ya mwingine, kama ngazi ndogo. Nikatia mfukoni skrubu mbili na bisibisi. Nikamwomba Faustin mkanda wake.

"Papa, we unaogopaka," alisema kutoka kitandani.

"Najua."

"Usiangalie chini. Angalia gome ya muti tu."

Dereva wa pikipiki alinifikisha mwisho wa njia akageuza kabla sijashuka vizuri.

"Papa, mi siwezi kukungojea. Banasema balipita apa asubuhi."

"Nani?"

Alinitazama. "We unauliza nani?"

Akaondoka. Nilisimama nikasikiliza injini yake mpaka ikapotea, na mwili wangu wote ukaniambia rudi. Ningerudi, nawaapia. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Nilikuwa nimeona wale sita, na nilijua nikirudi nitawaona wengine kila nitakapofumba macho, na mimi huogopa pia kufumba macho. Basi nikatembea kando ya njia, ndani ya majani, mpaka Mto wa Pili.

Mti uliinamia maji. Niligonga, nikaweka sikio. *Hhhss.* Yupo. Nilizungusha mkanda, nikaanza. Sitawaeleza jinsi mzee mwenye magoti mabaya anavyopanda mti. Inatosha mjue kwamba nilisali sala zote ninazozijua na nyingine nilizitunga. Nilitazama gome. Kufikia tawi lililo chini ya sanduku, kimo cha watu watatu waliopandiana mabegani, bisibisi niliyoiuma ilikuwa na alama za meno yangu kwenye mpini.

Nilifungua mlango wa pembeni. Alikuwa pale, jike, amejaza sanduku zima, jicho lake moja likinitazama. Bata aliyekaribia kuangua haruki. Alinipulizia pumzi tena, akajikunja akakaa chini zaidi. Nilipoingiza ngazi yangu alijiinua kidogo, nikayaona mayai manane ndani ya manyoya laini aliyojinyonyoa kifuani. Mawili yalikuwa na ufa. Na nikasikia: *pii, pii*. Walikuwa wanalia ndani ya mayai.

Sijui kama niliwahi kufurahi vile. Nilikuwa nimefika kwa wakati. Nilifunga skrubu ya kwanza chini ya tundu, nikafunga ya pili, nikaivuta ngazi kwa kidole, ikashika. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu juu ya mti.

Ndipo niliposikia watu wakiongea.

Walitoka kwenye majani ng'ambo ya pili ya mti, watano, wenye bunduki. Hawakuwa na haraka. Waliweka mizigo yao chini, karibu kabisa na shina, wakaketi. Mmoja alivua kiatu. Nilikuwa upande wa maji, nyuma ya shina, na mizabibu ya porini ilinifunika kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilibaki nilivyokuwa, shavu kwenye gome, mkono mmoja bado ndani ya sanduku kwa sababu sikuthubutu kuutoa. Hawakuwa na sababu ya kunichukia. Lakini mzee aliyejificha juu ya mti, karibu na sanduku, nani angengoja nimweleze habari za bata?

Nilijikojolea. Nawaambia kwa kuwa na nyinyi mtakuja kujikojolea siku moja, msione aibu. Nilichoogopa wakati ule ni matone tu. Yalishuka ndani ya suruali, yakaishia kwenye buti.

*Pii, pii, pii.*

"Musikie," mmoja alisema. "Telefone ya nani inalia?"

"Telefone gani? Apa hata rezo ya telefone haiko."

"Inalia. Iko juu."

Wakanyamaza wote. Mnajua kimya cha watu wanaosikiliza? Kina uzito. *Pii, pii.* Nilisikia mmoja akisimama, nikasikia chuma kikigusa chuma, na miguu yake ikaanza kuzunguka shina, taratibu, kuja upande wangu. Kutoka pale nilipokuwa niliona ukingo wa kofia.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya sanduku. Ulijua la kufanya kabla yangu. Uliingia chini ya tumbo la bata, kwenye joto lile. Aliniuma juu ya kifundo cha mkono, akashikilia, bila kutoa sauti. Nikashika yai la kwanza lililokuja kiganjani. Lilikuwa na ufa. Nilihisi kitu kidogo kigumu kikinigonga kidole gumba kutoka ndani.

Nikabana.

Halikulia. Liliingia tu kiganjani mwangu, moto, lote.

*Pii, pii*, likasema jingine. Halikuwa lile. Nililolivunja halikuwa hata lile lililokuwa likilia. Na mimi, wanangu, nikafungua vidole nikatafuta la pili. Lakini bata alijishusha. Alijilaza kwa uzito wake wote juu ya mayai na juu ya mkono wangu, akatoa sauti moja ndogo ya chini sana, si ya pumzi, sauti ambayo niliihisi kwenye mifupa ya vidole zaidi ya kuisikia. Na mayai yote yakanyamaza. Alijua kuyanyamazisha. Hakuhitaji msaada wangu.

Mtu mwenye kofia alitazama juu, mahali kidogo kushoto kwangu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ni ndege tu," alisema. "Tuende, mvula inakuya."

Mvua ilikuja kweli. Nilikaa ndani yake mpaka ilipokatika, mpaka miguu ilikuwa si yangu tena. Kisha nilitoa mkono, nikafunga mlango, nikashuka kwa kuanguka zaidi kuliko kwa kushuka, nikauosha mkono mtoni. Nilifika Nyabiondo kwa miguu. Nikamwambia mke wangu nimeteleza njiani.

Wiki mbili baadaye Faustin alikuwa mzima, njia ikatulia, tukaenda pamoja. Nilishika kamba. Alifungua mlango, akachungulia kwa kioo, kisha kwa macho, kisha akaanza kucheka peke yake kule juu. Ngozi saba kavu za mayai, zile za ndani ya ganda, alisema. Na ngazi yangu imekwaruzwa kutoka chini mpaka juu, mistari midogo midogo kama imeandikwa na sindano. Wametoka wote! Nililia, naye akadhani ni furaha, na kwa nusu alikuwa sahihi. Kisha akaita tena:

"Papa, iko moja ilivunjika. Imekauka apa chini. Mama yake njo aliikanyaga?"

Ilikuwa rahisi sana. Alikuwa amenipa jibu lenyewe.

"Njo vile," nikamwambia. "Alishtuka, akaikanyaga."

Maneno hayo nilidhani yatabaki pale chini ya mti. Lakini Faustin alimsimulia Mama Leoni, na Mama Leoni ni mwalimu. Kitu akikiandika kinakuwa sheria. Aliandika kwamba bata akishtuka hukanyaga mayai yake, kwa hiyo yanahitaji kitanda kinene. Tukaambiwa tujaze maranda ya mbao mpaka nusu ya sanduku. Nilikuwa kwenye mkutano huo. Aliniuliza, Papa Gervais, si wewe uliona? Nikaitikia kwa kichwa. Na nyinyi mlipojiunga mlifundishwa hivyo, na mmefanya kwa uaminifu kila msimu, mkibeba magunia ya maranda mgongoni kupanda na kushuka vilima.

Juzi mlikuja kwangu mmekata tamaa. Mlisema masanduku manne ni matupu, manyoya yametapakaa kwenye tundu, mayai hayapo. Mliniuliza ni mnyama gani amejifunza kufungua milango yetu. Mmoja wenu akasema, Papa, wewe uliyepanda mti peke yako siku ile bila kuogopa, tuambie tufanye nini.

Hakuna mnyama aliyejifunza kitu. Ni kanu, yule mnyama wa usiku mwenye madoa na mkia mrefu, kanu wa siku zote. Anashika ukingo wa tundu, anaingiza mkono. Zamani mkono wake haukufika, kwa sababu mayai yalikuwa chini, mbali. Tumemwinulia mayai kwa maranda mpaka yanamgusa vidole. Nimekaa siku tatu nikijaribu kuwaambia "punguzeni maranda" bila kusema kwa nini, na kila nilipoanza nilijua mngeuliza, je, bata asipokuwa na kitanda si atayakanyaga?

Basi vipimo vyenu ni hivi. Maranda kimo cha vidole vinne, basi. Kuta za ndani zisiguswe na randa. Anzeni leo na Mto wa Pili, kabla jike hajaanza kuatamia. Mama Leoni nitamwambia mwenyewe Jumapili baada ya misa, na naogopa macho yake kuliko nilivyoogopa ile kofia. Yule bata wa Mto wa Pili hakukanyaga yai. Alikuwa amelala juu ya wanawe, ametulia, na wote wanane walikuwa hai mpaka nilipoingiza mkono wangu.